Wifi Anamtafuta Daktari wa Wanawake

"Mimba ni ya miezi mingapi?" jirani alimuuliza bombani, mkono mmoja kiunoni, ndoo yake imejaa na maji bado yanatiririka.

"Kumi na tisa," wifi yangu akamjibu. "Kapapenda huko ndani."

Jirani alicheka mpaka akajimwagia maji miguuni. Wifi naye akacheka, akabeba ndoo yake nusu, maana nzima haiwezi tena, akaingia ndani akakaa kitako. Ana miaka arobaini na sita. Watoto wake wanne wameshajitegemea, na tumboni mwake hamna wa tano. Mna uvimbe. Naanza na tumbo kwa sababu ndiko watu wanakoanza wakimwona, ingawa ana mengine mengi ya kutazamwa.

Wifi ni mdogo wake mume wangu, na kazi yake ni kushona katika kiwanda cha nguo za kazi. Pale hakuna anayeshona nguo nzima. Kuna mtu wa kola, kuna mtu wa zipu, na yeye kwa miaka kumi na saba amekuwa mtu wa mifuko. Wenzake wanamwita Mifuko, hata msimamizi, na sina hakika kama wapya wanalijua jina lake. Mfuko aliopiga yeye haufumuki; fundi ataweka spana na nyundo, suruali itachakaa, mfuko utabaki. Na miaka yote hiyo, kabla mshahara haujamfikia mkononi, bima ya umma imeshakata chake. Hakuwahi kulalamika. Alikuwa akisema, nikiumwa kitu kikubwa, angalau nina kadi.

Mwaka juzi damu yake ya mwezi ikaanza kukawia kukatika. Siku tano zikawa nane, nane zikawa kumi na mbili. Aliacha sketi za rangi akabaki na nyeusi. Kazini alikunja kitambaa cheusi akakikalia, na jioni alikuwa anangoja wenzake wote wapite ndipo ainuke, akapapase kiti kwanza kwa kiganja. Mimi nilikuwa sijui. Aliniambia siku ile aliyoshona suruali sitini na mifuko yote ameiziba mdomo, pande zote nne, kama viraka. Macho yalikuwa yanaingia giza na mikono inaendelea yenyewe. Msimamizi alizibwaga zile suruali mezani akamuuliza kama mafundi watatia spana zao puani. Watu wakacheka, na Wifi akacheka. Halafu msimamizi akamvuta pembeni akamwambia kwamba hapendi kumtoa, lakini mpaka mwisho wa mwezi alete barua ya daktari inayosema anaumwa nini na anatibiwa wapi. Bila barua, kiti anapewa mwingine.

Akaenda zahanati. Nesi alimbonyeza tumbo, akampima damu, akaguna. Damu ilikuwa imeshuka vibaya. Aliandika rufaa: uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, aonwe na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, haraka. Neno haraka alilipigia mistari miwili. Hospitali ya serikali hapa kwetu daktari huyo alihamishwa, na chumba chake sasa kinawekwa magodoro. Kwa hiyo Wifi akapewa karatasi ya bima yenye majina saba ya madaktari wa wanawake walio karibu na wanaopokea kadi yake.

Saba. Nikamwambia tumshukuru Mungu. Nilishukuru mapema.

Tulipiga simu mezani kwangu Jumamosi asubuhi. Namba ya kwanza ilikuwa ya duka la vipuri, na mwenye duka alisema amechoka kuulizwa habari za matumbo ya watu. Mwingine alikuwa amestaafu. Wa tatu alishafariki. Aliyepokea simu alikuwa mjane wake, tukampa pole, tukasali naye pale pale kwenye simu, naye akatutakia tupate. Mmoja anapokea bima, ila si hiyo. Mwingine anapokea hiyo hiyo, ila nafasi ya wenye kadi ni baada ya miezi mitano; mwenye fedha mkononi aje hata kesho. Simu moja iliita tu. Ya mwisho ilikuwa ya kliniki ambayo kwa miguu unafika, na sauti laini ikasema, "Ndiyo mama, kadi hiyo tunaipokea. Karibu."

Nilimsindikiza. Dada wa mapokezi alitazama tumbo kabla ya uso, akaichukua kadi, akaandika jina, akamwambia asisimame na hali hiyo. Alimpa kiti chenye mto, kwenye safu ya wajawazito, akamletea na maji. Wifi aliushika mto ule kama mtu aliyepewa asichokiomba. Alikuwa hajasema neno zaidi ya salamu.

Ndipo dada akaja na fomu akamuuliza mimba ina miezi mingapi.

Jirani alipata mzaha wake. Huyu hakupata. Wifi alimwambia, "Sina mimba, mwanangu. Nina uvimbe. Rufaa hii hapa."

Yule dada alirudi mezani akalikata jina. Hakufanya kwa hasira, alilikata kama unavyokata herufi uliyokosea. Akatueleza kwamba kadi ya umma pale inalipia uzazi peke yake. Magonjwa mengine ya wanawake daktari anayaona kwa fedha taslimu.

"Nesi ameandika mfuko wa uzazi," Wifi akasema. "Huo uzazi mnaoulipia, wenyewe unakaa mfuko gani?"

"Mama, mimi sipangi. Mfuko wa bima ndio unaopanga."

"Basi tuna mifuko miwili hapa. Wangu unavuja, na wao umezibwa mdomo."

Mjamzito mmoja alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Dada akamwomba Wifi apishe kiti, kuna mama anaingia. Akainuka. Akapapasa mto kwa kiganja, mbele ya watu wote, aone kama hajauchafua. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka. Nimemwomba Mungu aniondolee. Ameiacha, na nadhani ana sababu.

Mlangoni dada alitufuata akanong'ona, "Ungenyamaza tu, mama. Ungeshaingia."

Alisema kwa wema, najua. Lakini fikirieni maneno hayo. Mwanamke amekatwa mshahara miaka kumi na saba, na wanachotaka kwake siku anaumwa ni aseme uongo kuhusu tumbo lake mwenyewe. Uongo ungemwingiza kwa daktari. Kweli ikamtoa nje. Na aliyepanga hivyo hakuwepo pale aone mto ukipapaswa. Watu wa kupanga huwa hawapo.

Zilikuwa zimebaki siku sita mwezi uishe. Jumatatu Wifi aliomba ruhusa ya asubuhi, tukaenda ofisi ya bima. Foleni ilifika ngazini. Alikaa kwenye ngazi, akasogea ngazi kwa ngazi amekaa, na mzee mmoja nyuma yetu akamtania kwamba anafagia jengo zima bure. Alimjibu kwamba akimaliza atawaletea bili.

Karani alikuwa mtu mzima, amefunga tai, si mkali. Alisikiliza, akabonyeza kompyuta, akatoa karatasi mpya yenye joto bado. Majina saba. Yale yale. Wifi akaweka kidole kwenye la tatu akamwambia huyu mjane wake tumeshampa pole. Karani akasema orodha inarekebishwa makao makuu, yeye haigusi, na kuhusu ile kliniki, mkataba unasema inapokea wanawake wote, kwa hiyo kwa upande wao hakuna tatizo. Akamshauri awapigie tena, huenda wiki hii wamebadilika.

Watu wakaanza kuguna foleni iende. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo, na yaliyokuwa yanataka kutoka hayakuwa ya mtu anayesali. Wifi akanigusa mkono. Alivuta kiti cha wateja, akakaa, akaigeuza simu ya mezani ikamtazama karani. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Kaka, naomba upige wewe, kwa simu hii, mimi nikiwa nimekaa hapa. Anza na yeyote. Ukimpata daktari mmoja wa kuniona wiki hii kwa kadi hii, niandikie jina lake na saa, nami nitaondoka."