Mishumaa Isiyofanyiwa Kazi

Juzi nimeona kwenye dirisha la duka kinara cha mishumaa tisa, hasira ya utotoni ikanipanda upya.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, mafuta ya taa yakiwa adimu, mama alikuwa akimfulia na kumshonea bibi mmoja wa Kiyahudi, kule Changamwe, nasi tukikaa chumba cha uani kwake. Jioni ya sikukuu yao nyumba ilinukia maandazi. Mishumaa ilipowashwa nilisogea pale na sindano, nimtungie mama uzi.

“Toka! Hiyo si ya kufanyia kazi!” bibi alifoka.

“Muombe radhi,” mama akanambia.

Nilidhani ni choyo. Sasa najua ndiyo mila ya Hanuka: mishumaa minane hutazamwa tu, wa tisa ni wa kuiwashia, kukumbuka mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane katika taa ya hekalu lao la kale.

Najua, na bado hasira haijanitoka. Siku nane zile mama alishona kwa kupapasa, maana koroboi yetu ilikauka siku ya kwanza.