Paka Aliyepewa Jina la Mama Mkwe

Jina la mama mkwe wangu sitaliandika hapa. Kwetu Embu mke hamwiti mama mkwe wake kwa jina. Anamwita Mama, basi, na mimi nilifunzwa adabu kwetu kabla sijaolewa kwa watu. Hata hivyo nimelitaja jina hilo kuliko mtu yeyote aliye hai, kwa sauti ya juu, nje uani, majirani wakisikia. Mwenye jina ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Nilipoolewa huku Kanja kila mtu alijua nimekuja kufanya nini. Msichana wa kwanza wa nyumba huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Si jina tu la kuitiwa. Mtu akishapata mjukuu wa jina lake anatembea tofauti, anamtania yule mtoto akimwita "mimi", na hata akifa anajua amebaki hapa duniani na miguu yake inakimbia uani. Mama mkwe wangu alizaa mtoto mmoja tu, mume wangu. Hakuwa na binti wa kumletea jina kutoka nyumba nyingine. Njia ilikuwa moja, nayo ilipitia tumboni mwangu.

Mwanzoni aliniuliza kwa upole. Baadaye akaacha kuuliza, akawa ananitazama tu kiuno nikitoka kuoga. Miaka ikapita. Asubuhi moja nikiwa nakamua, alikuja akasimama nyuma yangu, akampapasa ng'ombe mgongoni, akasema, "Kulikuwa na mwingine hapa kabla ya huyu. Mzuri hivi, ananenepa tu. Alikataa kushika mimba, tukampeleka Ishiara siku ya soko." Kwa Kiembu ilikuwa kali zaidi. Nilimaliza kukamua, nikampa maziwa yake.

Mume wangu nilimwambia. Akasema, "Mama ni mzee, usimsikize." Hakuwa mzee. Alikuwa anachuma majani chai kunishinda.

Kisha Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja kwake kunywa chai. Mimi nilikuwa napitisha chupa, mume wangu ameketi karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa ametoka Ishiara jana yake kununua ndengu, na kiondo chake kilikuwa pembeni, kinatikisika. Alipoona wageni wametulia aliingiza mkono ndani akatoa mtoto wa paka, mwembamba, wa madoa ya kahawia, macho yamejaa tongotongo. Akamwinua juu kila mtu amwone.

"Nimengoja mtu wa kuitwa mimi kwa hii boma mpaka nikachoka," akasema. "Huyu ni msichana, nimeshamwangalia. Ataitwa mimi."

Akina mama walicheka. Mmoja alipiga magoti yake makofi. Mume wangu naye alicheka, kicheko kidogo cha pua, halafu akajishughulisha na mkate wake. Mimi niliendelea kumimina chai. Sikumwaga hata tone, na hiyo ndiyo heshima pekee niliyobaki nayo mchana ule.

"Na wewe si ni mwalimu wa nasari?" akanigeukia, akaniwekea yule paka mkononi. "Mfunze jina lake. Nikimwita aitike. Watoto wa wenyewe unawaweza, ama?"

Nikampeleka jikoni. Usiku ule nilimchukia yule paka kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na yeye alilala juu ya kandambili yangu kana kwamba hajui.

Watu husema paka hafunzwi. Hao ni watu wasiojua kufunza. Paka ni kama mtoto wa nasari wa siku ya kwanza: hana haja nawe mpaka ajue una nini mkononi. Nilinunua omena, vile vidagaa vikavu, nikazivunja vichwa, nikawa nagonga kopo kabla ya kumpa. Haikuchukua muda. Nikigonga kopo anatokea mbio, mkia juu. Nilijipongeza. Kumbe nilikuwa nalikwepa jina tu. Mdomo wangu ulikuwa haujawahi kulitamka, na nilidhani kopo lingeniokoa.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alisimama mlangoni kwake, akina mama wakiwepo tena, akaita jina lake mwenyewe. Paka alikuwa amelala kwenye jua. Alijikuna sikio.

"Mnaona?" akawaambia. "Hata paka amemfunza kunikataa."

Siku iliyofuata nilifunga mlango wa jiko. Nikachuchumaa. Nilitazama dirishani nione kama kuna mtu, nikalinong'ona lile jina mara moja. Masikio yaliniwaka moto. Paka akageuza kichwa, labda kwa sababu ya ule mnong'ono, na kabla hajasahau kwa nini amegeuka nikamtilia omena mdomoni.

Ndivyo inavyofanywa. Jina unalitaja mara moja, hulirudii, maana ukilirudia linageuka kelele kama mvua juu ya mabati na hakuna anayeisikiliza. Unamfunza akiwa na njaa. Akigeuka, analipwa papo hapo. Humwiti umpige, na humwiti bure. Alipokuwa anageuka vizuri nikasogea hatua chache, kisha nikawa naita kutoka mlangoni, kisha kutoka kwenye tangi la maji. Baada ya jina nikamfunza amri, kwa Kiswahili, lugha ya darasani, kwa sababu kwa Kiembu ningeona kama naamuru mtu. "Keti": unainua omena juu ya pua yake na kuipeleka nyuma, naye anafuata kwa macho mpaka matako yanagusa chini. "Shuka": unaiweka omena sakafuni. "Ngoja" ndiyo ngumu. Unafumba omena kwenye ngumi, anakwaruza, analia, anauma, na wewe hufungui mpaka akate tamaa akae. Akishakaa unafungua. Niligundua kwamba hilo la kutofungua ngumi nina kipaji nalo.

Jina lenyewe likawa linatoka tu, kama jina lolote la mtoto wa darasani.

Siku mambo yalipobadilika sikuipanga. Nilikuwa nachuja maziwa nje, paka akaruka mezani akatia mdomo kwenye sufuria. Nikapiga kelele, "Shuka wewe!" na kabla ya hiyo "shuka" weka jina kamili la mama mkwe wangu. Paka akashuka. Upande wa pili wa ua wa kayaba, kwa jirani, waliokuwa wanachuma kahawa walinyamaza. Kisha mwanamke mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa, na wote wakacheka. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ngazi yake anapepeta maharagwe. Ungo ukasimama.

Nilisikia raha. Sitasema ilikuwa kitu kingine. Raha ilipanda kutoka miguuni, na nikajua kuanzia siku ile nimeruhusiwa, tena ameniruhusu yeye mwenyewe mbele ya mashahidi wa kanisa.

Nikawa nafunza uani kila siku. Nilitaja jina nikaongeza: "Mwizi wewe, toka kwa maziwa ya watu!" Nilitaja jina: "Umekula na bado unalia? Huna shukrani." Siku moja mama mkwe akipita na mzigo wa nyasi, nilimwinua paka nikamtazama usoni, nikamwita jina, nikamuuliza polepole, kama mwalimu mwema: "Na wewe utazaa mmoja tu halafu ujivune?" Nyasi zilitikisika kidogo mgongoni mwake. Aliendelea kutembea.

Majirani waliliokota. Kanisani, ibada ya pili, mama mkwe aliingia amechelewa akawa anatafuta nafasi, na mwanamke mmoja wa kwaya akamwambia kwa sauti ndogo, "Keti." Benchi zima lilicheka mpaka mhubiri akangoja.

Jioni ile alikuja jikoni kwangu. Hakuketi.

"Hiyo jina imetosha," akasema. "Mwite Nyau, kama paka ya watu."

"Nimejaribu, Mama," nikamwambia. "Hasikii. Nilimfunza sana, vile uliniambia."

Alijaribu mwenyewe. Wiki nzima alikuwa mlangoni na sahani ya maziwa akiita, "Nyau, Nyau," na paka akimpita kama anavyopita gogo. Alifunza vibaya, aliita mara nyingi mno. Ningeweza kumwonyesha.

Halafu nikashika mimba.

Sijui niseme nini kuhusu miezi ile. Mama mkwe alikuwa mtu mwingine. Alinikataza kubeba maji. Aliniletea maini, akasimama kuhakikisha nimemaliza, na alipoliona tumbo limeonekana alianza kuzungumza nalo. "Mimi nimelala?" angeuliza. "Mimi ameamkaje?" Paka hakumtaja tena, alitembea kana kwamba huyo mnyama hayupo. Hakuomba msamaha kwa lolote, si ng'ombe wa Ishiara, si ile Jumapili. Alidhani maini yametosha. Na mimi niliyala, maana nilikuwa na njaa, na kila kipande kilinikumbusha chupa ya chai mkononi mwangu na wale wanawake wakicheka.

Kujifungua kulikuwa kubaya. Nilipelekwa Embu mjini na damu haikukatika, na nilipoamka mtoto alikuwa mzima, msichana, na tumbo langu limeshonwa. Daktari alituambia wawili, mimi na mume wangu, kwamba wametoa kizazi ili niishi. Hakutakuwa na mwingine. Mume wangu alishika chuma cha kitanda kwa muda. Kisha akasema, "Mama tusimwambie saa hii." Nikakubali. Ni jambo la kwanza katika ndoa yetu tulilokubaliana bila kubishana.

Nikarudi nyumbani. Akina mama walikuja kumwona mtoto, na kuni mgongoni, na unga, na sukari, na wakaimba mpaka kitandani. Mama mkwe alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani. Aliwekwa kwenye kiti karibu na mto wangu, mahali pa mwenye siku, na mikono yake ilikuwa tayari imekunjwa kumpokea mtoto. Kuna swali ambalo huulizwa hapo. Kila mtu anajua jibu lake. Linaulizwa tu ili bibi alisikie jina lake likitajwa mbele ya watu.

"Haya," akasema aliyewaongoza, "tumepata nani?"

"Tumepata mama yangu," nikasema.

Waliokuwa wamefungua midomo kupiga vigelegele walibaki nayo wazi. Mume wangu, mlangoni, aliinua kichwa. Sikuwa nimemwambia.

Mama mkwe aliegemea mbele, kana kwamba ni masikio yake yenye makosa.

"Na mimi?"

"Wewe uko hapo chini ya kiti, Mama. Unakunywa maziwa."

Wote walitazama chini. Paka alikuwa hapo na sahani yake. Mwanamke mmoja alitoa sauti, akajiziba mdomo kwa leso. Mama mkwe naye alitazama, muda mrefu, na mikono yake ilikuwa bado imekunjwa vile vile, tupu. Uso wake ulizeeka pale pale nikiona. Nilitaka kuona, nikaona.

Hakulia. Alirekebisha kitambaa ambacho hakikuwa kimelegea.

"Sawa," akasema. "Hiyo nimejitafutia. Nilifanya mchezo na kitu si cha mchezo." Akamgusa mtoto kidogo kwenye shavu kwa nyuma ya kidole. "Huyu akue. Mimi nitakuja na wa pili."

Mume wangu alinitazama. Mdomo wake ulifunguka, nikadhani mara hii, mara hii moja, atasema neno. Akafunga mdomo akatazama viatu vyake.

"Sawa, Mama," nikamwambia. "Utakuja na wa pili."

Msichana wangu ameanza nasari mwaka huu, darasani kwangu. Mama mkwe ananiheshimu sasa. Hanitazami kiuno kwa ubaya. Ananitazama kama mtu anayetazama mawingu shamba likiwa limekauka. Kuna siku huruma hunikaribia, hasa nikimwona anamfunga mtoto kamba za viatu na kumwita kwa jina la mama yangu, vizuri, bila kusita. Siku hizo mimi hufungua mdomo nimwambie. Kisha hupata kazi nyingine ya kufanya.

Juzi nilikula maharagwe yaliyolala, nikatapika nyuma ya jiko. Kabla sijapangusa mdomo alikuwa amefika na uji wa wimbi, wa moto, kwenye kikombe chake kikubwa kile ambacho hapewi mtu. Alikuwa amekimbia, kitambaa kilikuwa kimemteleza na nywele nyeupe zimetoka. Hakuuliza kitu. Alinishika mgongo tu, akawa anatabasamu kwa woga, akitazama tumbo langu.

Niliunywa wote, nikamrudishia kikombe, nikamwambia asante.