Kashata Ndani ya Kanda Mbovu

Jamani, nilikula mchana wa Ramadhani, na aliyenifichua ni mashine niliyoitunza kwa mikono yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye kampuni moja ya mizigo huko Changamwe. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kabati kubwa la kanda za kompyuta, lenye mkono wa chuma unaochukua kanda na kuzirudisha bila mtu kugusa. Ofisini nilijifanya mcha Mungu hasa. Hata waliomeza mate niliwakemea. Nilikuwa na sababu: Mzee Athmani, karani mkuu, alikuwa akiifikiria posa yangu kwa bintiye.

Siku hiyo njaa ilinishinda saa sita. Nikajifungia chumba cha mashine, nikaing'ata kashata ya nazi mara moja tu, mara nikasikia makubadhi ya Mzee mlangoni. Nikaitia kashata ndani ya gamba tupu la kanda mbovu, lingali na lebo yake, nikalipachika kabatini, nikamfungulia.

"Shikamoo, Mzee," nikasema, nikitabasamu kwa ule mwanya wangu ninaojivunia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuiona mashine yako."

Nilichosahau ni kwamba kabati likishafunguliwa, mkono hukagua kanda zote upya kwa kusoma lebo zake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeuamuru uitoe nje kila iliyo mbovu. Ukavuma, ukalichukua gamba lile, ukamtolea Mzee kwenye kidirisha cha mbele. Akalifungua.

Kashata ilikuwa na alama za meno, na katikati yake ukuta mwembamba wa nazi uliosalia mzima.

Mzee akaitazama, kisha akanitazama mdomoni. Nikaufumba.

"Hebu cheka, mwanangu," akasema.