Usukani wa Kumbebea Mama Watoto

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili, shida ilinikuta Maneromango. Baba alifariki wakati wa kiangazi, na mvua za vuli zilipoanza, baba zangu wadogo walikuwa wameshagawana mikorosho. Mimi na mama tukaachiwa jiko na kuku. Darasa la tatu nililiacha katikati, sikurudi kulimaliza. Nikaenda kusukuma mkaa.

Nasema kusukuma, si kuendesha. Watu wa mjini hawajui tofauti yake. Baiskeli ya mkaa haipandwi. Magunia yanaifunika mpaka siti haionekani, na wewe unatembea ubavuni mwake kutoka porini hadi Kisarawe mjini. Kwenye usukani unafunga mti mrefu, ndio unaoushika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili unashika gongo lililofungwa nyuma. Usukani ukiwa mpana, mzigo unakutii. Ukiwa mwembamba, mchanga unakutupa wewe na magunia yako, halafu unaokota mkaa barabarani huku unapenga makamasi meusi. Makamasi hayo nimeyapenga miaka mingi. Ndiyo yaliyonilea, na sioni haya kuyataja.

Kwa mkaa ule nilihamia Kibaha, nikanunua kiwanja Pangani, hapa hapa Kibaha, wakati bado ni pori, nikafyatua matofali kwa mikono yangu, nikaoa, nikasomesha. Baiskeli sikuiacha. Watoto wangu wananiambia ninunue bodaboda, kana kwamba kuna mahali nimesema nina haraka. Yangu haina mambo ya kubadilisha gia. Gia moja, mnyororo mmoja, miguu miwili. Inanitosha.

Inamtosha na mama watoto. Mke wangu huyu ana presha na miguu yake inavimba, na kliniki anatakiwa kila baada ya muda kwenda kupimwa na kuchukua dawa. Bodaboda hapandi. Aliona ajali moja kwa macho yake, ikawa basi. Bajaji kwetu mvua ikinyesha haziji. Kwa hiyo nambeba mimi. Keria nimeifungia mto wa sufi, anakaa miguu upande mmoja, anashika shati langu, tunakwenda. Nisipombeba haendi, na asipokwenda dawa zinakwisha. Mambo yetu yako hivyo, hayana marefu.

Sasa usukani wangu wa zamani ukakatika shingoni. Nilipouchomoa ulitoka maji mekundu ya kutu, yananuka kama damu iliyolala. Nikaenda madukani. Vyuma vimepakwa mng'ao wa kukudanganya, ukikwaruza kwa ukucha unabanduka kama gamba la kidonda. Mipira ya kushikia ukiibana kidogo inanata mkononi kama ubani uliotafunwa, na kiganja kinabaki kinanuka petroli hata ukinawa kwa sabuni. Nikamwuliza muuzaji, hiki ni kitu cha kuuzia binadamu? Akajibu bila kuinua uso kwenye simu, "Ndiyo vinavyotoka sasa hivi, mzee." Vinavyotoka. Hata kinyesi kinatoka.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, akasikia habari akaja na usukani wa kwake kutoka Dar, ameufunga kwa gazeti. Kijana wa heshima, sina ubaya naye. "Shikamoo baba. Nimekuletea kitu cha kisasa." Nikamwitikia marahaba, nikafungua gazeti. Ulikuwa usukani wa mashindano, ule ulioviringika kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Sikutaka kumvunja moyo, nikaufunga kwenye baiskeli, nikaenda nao kuswali alasiri.

Ili uushike ule, mgongo sharti ulale na makalio yainuke. Mimi, babu wa wajukuu, nimevaa kanzu. Watu wananiamkia njiani na mimi siwezi kuinua kichwa niwaitikie, naitikia ardhi. Wenzangu walikuwa wamekaa kwenye baraza ya msikiti.

"Sheikh, umedondosha nini?" akauliza mmoja.

"Mwacheni, anatafuta meno yake," akasema mwingine.

"Hapana, hiyo ni rukuu. Adhana haijaisha, yeye kashaanza."

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mimi nilikuwa najisikia uchafu mwili mzima. Mtu anarukuu mbele ya Mola wake, harukuu mbele ya lori la mchanga. Nilipofika nyumbani mama watoto alikuwa uani anapepeta mchele. Aliniangalia ninavyoingia, akaendelea kupepeta. "Nyuma ya huo sikai," akasema. "Nitakuwa natazama nini njia nzima?"

Usiku ule ule nikaufungua. Kesho yake nikarudi mjini, safari hii kwa fundi baiskeli, na huko nikachagua kwa akili yangu. Nikauona mmoja mpana, mrefu, mikono imesimama kama pembe za ng'ombe wa Kisukuma. Fundi akaufunga. Nikaishika baiskeli kwa ubavuni, nikaisukuma kwenda na kurudi mbele ya kibanda, nikaikatisha kwenye mchanga. Ilinitii. Moyo wangu ukatulia, nikakumbuka njia ya Kisarawe.

"Mzee wangu, panda basi ujaribu," fundi akasema.

"Nimeshika usukani kabla baba yako hajaoa."

"Sawa, lakini hii si utaipanda?"

Nikamlipa, nikaondoka. Mtu aliyepitisha magunia kwenye milima ya Kisarawe hafundishwi na mtu anayefunga nati.

Siku ya kliniki ikafika. Mama watoto alivaa baibui lake safi na kanga mpya, akakaa nyuma, tukatoka. Mpaka barabarani mambo mazuri. Karibu na sokoni ndipo pana pale pembamba: kushoto mtaro, kulia bodaboda zimepangwa, vijana wamelala juu yake kama mijusi, wanatema makapi ya miwa. Kwa usukani wa zamani nilipapita pale miaka yote. Huu ulinasa kwenye kioo cha bodaboda. Baiskeli ikageuka yenyewe, na mimi na mke wangu tukaingia mtaroni.

Sitaki kuandika kilichokuwamo mule, lakini nitaandika. Nyanya zilizooza, maji ya kuoshea samaki, nepi ya mtoto imefunguka, mafuta ya chipsi yameganda juu kama utando wa uji. Vilitufika magotini. Mama watoto alipoteza kiatu kimoja, na nilipoingiza mkono kukitafuta nilikamata kitu laini ambacho mpaka leo sijui ni nini. Wale vijana walitushika mikono wakatutoa, hilo nawapa. Kisha mmoja akasema, "Babu, huo usukani au kenchi ya paa la nyumba?"

Mke wangu hakuumia. Aliikamua kanga, akaanza kutembea kurudi nyumbani, kiatu kimoja mguuni, mimi nyuma yake nasukuma baiskeli. Baiskeli ilisukumika vizuri sana.

Kliniki hakwenda siku ile. Kesho yake alikwenda kwa miguu, peke yake, alikataa hata nimsindikize. Alirudi adhuhuri, akakaa kwenye mkeka, miguu imevimba kama mihogo iliyolowekwa. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Nilibonyeza nikaliona shimo lile, nikaenda nje kutema mate, maana mdomo ulijaa uchungu.

"Nitanunua mwingine," nikasema.

"Usinunue. Anayebebwa ni mimi. Nitachagua mimi."

Akampigia simu fundi, akamwambia alete alivyonavyo, vipya na vya zamani. Jumapili fundi akaja na kiroba. Mama watoto akatoa ndoo mbili zimejaa maji, akaziweka uani, nafasi kati yake ndogo.

"Hii bodaboda," akasema, "na hii mtaro. Haya, baba watoto. Pita."

Majirani walisimama ukutani kutazama. Mimi nimejenga nyumba, nimeozesha binti wawili, napimwa kwa ndoo kama mtoto anayejifunza. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanawaka. Kwanza nikapita na ule mpana, nikaziangusha ndoo zote mbili. Mama watoto akazijaza tena, polepole, hakucheka. Wa pili ulikuwa mnyoofu kama mpini wa jembe. Ulipita, lakini nilijikuta nimeinama kuufikia, na yeye alipokaa nyuma akasema mgongo wangu unamkimbia, hana pa kushika. Wa tatu fundi aliutoa chini kabisa ya kiroba. Ulikuwa mtumba, mwembamba, mikono imerudi nyuma kuelekea kwa mwendeshaji, mtu ameupaka rangi ya kijani ya mlango wa choo, tena kwa brashi, matone yamegandia. Sijaona chuma kibaya kama kile.

Nikaushika. Mgongo ukasimama. Viwiko vikarudi ubavuni. Nikapita katikati ya ndoo, maji hayakutikisika. Nikageuka, nikapita tena, ingawa hakuna aliyeniambia nirudie.

"Mama, tuupige rangi nyingine?" fundi akauliza.

"Acha hivyo hivyo. Wasije wakauiba."

Siku ya kliniki iliyofuata nilifika naye pale sokoni. Vijana ni wale wale, mtaro ni ule ule, unanuka vile vile. Shati langu lilikazwa mgongoni, nikajua ameshika kwa mikono miwili. Tukapita. Baada ya muda shati likalegea, akasema, "Kanyaga, foleni itakuwa ndefu."

Nilivyonavyo leo ni hivi. Nyumba ya vyumba vinne Pangani, ya bati, na uzio. Shamba la mihogo kijijini Janga. Kuku, sikuwahesabu. Mbuzi sita. Mikorosho michache Maneromango, niliyoinunua tena kwa watoto wa baba zangu wadogo. Kanzu tatu. Baiskeli moja ya gia moja, keria yenye mto wa sufi, na usukani wa kijani. Ule mpana nimeutundika bandani, kuku wanalala juu yake na kuunyea.