Gundi Mbichi

Siku Hetal alipoondoka Singida kwenda kuolewa Arusha, kaka yake Bhargav alikuwa chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ujenzi la baba yao, akimalizia fimbo ya kuvulia samaki. Alikuwa ameshapaka gundi ya epoksi juu ya nyuzi zinazoshika pete za kupitishia mshipi, na mota ndogo ikiizungusha fimbo polepole, umeme ukakatika. Ikabidi aizungushe kwa mkono, la sivyo gundi ingechuruzika na kugandia upande mmoja.

Hetal akaingia akiwa na mkoba begani.

“Kaka, hata stendi hunisindikizi?”

“Gundi bado mbichi. Siwezi kuiachia.”

“Baba azungushe.”

“Baba mikono inamtetemeka, unajua.”

Hetal akamkumbatia kwa nyuma, kwa kuwa hakuweza kugeuka. Kisha gari likapiga honi, akatoka.

Kipovu kikatokea kwenye gundi. Bhargav akakipulizia pumzi, kikapasuka.

Gundi iliposhika, ilikuwa laini na angavu kama kioo, lakini hakufurahia kuitazama. Watoto wengine wote wa nyumba ile walikuwa wameshaondoka, na duka lilikuwa limebaki na yeye.

“Bhargav,” baba akaita kutoka mbele, “njoo upime misumari.”

Akaenda.