Mume wa Redioni

Mzee Nyangwine wa Nyarero alikuwa na ugomvi na mtu ambaye hajawahi kumwona kwa macho. Kila Jumapili saa nane mchana mtu huyo, Mzee Kisyeri, alimsimanga mkewe redioni, na mke mwenyewe alikuwa Boke, binti wa Nyangwine. Alimwita mvivu, akamkataza kwenda kisomo cha watu wazima, akagonga meza. Nchi nzima ilicheka mpaka mbavu zikauma. Nyangwine hakucheka. Alikaa mbele ya redio yake ya betri, fimbo mapajani, akisema neno moja tu: "Binti yangu anatukanwa na mtu ambaye hajaleta hata ndama wa mahari!"

Usimwone mjinga. Redio ndiyo iliyowaambia watu wahame waende vijiji vya ujamaa, na kweli wakahamishwa. Sasa redio hiyo hiyo itadanganyaje kuhusu ndoa?

Boke aliujua ukweli, na ulimkosesha raha. Mzee Kisyeri hakuwepo. Boke ndiye aliyekuwa mke, na Boke huyo huyo ndiye aliyekuwa mume. Alianzia kwenye kikundi cha ngonjera cha kijiji, akiwaiga watu wote kuanzia katibu kata hadi mbuzi wa katibu kata. Mwaka 1971, kwenye mashindano ya mkoa kule Musoma, watu wa redio walimsikia wakamchukua Dar es Salaam. Siku moja mwigizaji wa kiume hakutokea kazini, Boke akasogelea maikrofoni, akakaza koo, na sauti nzito ya kukwaruza ikatoka. Wenzake walicheka hadi wakakaa chini. Mkubwa wa kipindi akaamua iwe siri, maana wasikilizaji walianza kumwandikia Mzee Kisyeri barua za kumkaripia, na barua hizo ndizo zilizokinogesha kipindi. Hakuna aliyemuuliza sauti ile aliitoa wapi. Ilikuwa ya baba yake.

Miaka mitano Boke alikula kwa koo lile. Halafu mwaka 1976 akapewa nafasi ya kwanza ya kuonekana kwa sura, katika filamu ya kuchekesha iliyokuwa ipigwe Natta, upande wa Serengeti. Landrova ilipofika Tarime, kwa hamu ya kumwona mama yake, akaomba wapitie Nyarero wasalimie. Aliyekuwa akiendesha ni Filemoni, fundi wa kinasa sauti, mtu mpole wa miwani ambaye hata akidai haki yake unadhani anaomba radhi.

Walipoingia uani, Nyangwine alimtazama Filemoni kuanzia viatu mpaka miwani.

"Ndiye huyu?"

"Shikamoo, Tata," Boke alimwamkia baba yake. "Huyu ni mwenzangu wa kazini."

"Marahaba. Kazini au nyumbani? Ryoba, funga lango!"

Ryoba, kaka yake Boke, akavuta miiba akafunga lango la boma. Vijana wawili wa ukoo wakamkalisha Filemoni kwenye kigoda, na kinasa sauti chake kikawekwa miguuni pa mzee. Mmoja wa vijana alikuwa na rungu.

"Miaka mitano unamtukana mwanangu ukiwa mbali," Nyangwine alisema. "Leo mtukane mbele yangu. Tukana nisikie!"

"Mzee wangu, sijawahi kusema redioni hata neno moja. Mimi nafunga nyaya tu."

"Amebadilisha sauti," Ryoba alisema. "Si ndiyo kazi yao hawa?"

Boke aliona jasho likimtoka Filemoni. Akinyamaza, mtu asiye na kosa angevunjwa mbavu. Akisema, baba yake angejua mbele ya ukoo kwamba anayechekwa na nchi nzima ni yeye mwenyewe. Na laana ya baba, kwao, haina mchezo. Inakufuata mpaka kwa wajukuu. Boke aliiogopa kuliko rungu.

Kijana mwenye rungu akamvua Filemoni miwani, akaiweka chini taratibu ili isivunjike. Hapo Boke akajua hawatanii.

"Tata, mwacheni! Mzee Kisyeri ni mimi."

"Wewe? Mwanamke?"

Akakaza koo. "Mwanamke! Mimi nikikohoa, wewe uwe umeshasimama! Nani alikwambia ukae ndani ya nyumba yangu kama mgeni wa serikali?"

Rungu lilishuka lenyewe. Ryoba akaangalia chini. Kijana wa pili aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka. Redioni, katikati ya mikwaruzo, hakuna aliyewahi kuitambua sauti ile. Hapa, mwenye sauti akiwa amekaa hatua mbili tu, hakuna aliyeweza kukosea.

Nyangwine peke yake hakuitambua. Alitikisa kichwa kwa mshangao.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Lakini huyo mtu unayemwiga ana roho mbaya. Mkewe anaishi naye vipi?"

Aliyejibu ni Gati, mama yake, aliyekuwa amesimama mlangoni pa jiko tangu mwanzo. Wala hakupaza sauti.

"Tunaishi, Baba Ryoba. Mwaka wa thelathini na mbili huu."

Nyangwine alimtazama mkewe. Akawatazama vijana, na kila mmoja akakwepesha macho. Akanyanyuka polepole, akamwelekezea binti yake fimbo, na Boke akapiga magoti kuipokea laana yake.

"Mwanamke! Mimi..."

Sauti ilitoka ile ile, nzito, ya kukwaruza, na safari hii mzee aliisikia. Alinyamaza mdomo ukiwa wazi. Akajaribu tena, chini kidogo. Ikawa ile ile. Akafunga mdomo. Akamwonyesha Ryoba lango kwa fimbo, lifunguliwe, kisha akaingia ndani bila kuitamka laana.

Filemoni alipapasa chini akitafuta miwani yake. Boke alibaki kwenye vumbi, amepona, na akamlilia baba yake kama mtu aliyefiwa.