Mgomba Nyuma ya Benchi la Bluu

Palipo bustani ya kupumzikia sasa, kando ya ziwa, palikuwa na kiwanda cha mawese kilichokufa zamani. Udongo wake ulilewa mafuta. Maua niliyoajiriwa kuyamwagilia yalinyauka upesi, lakini nyuma ya benchi la bluu kulikuwa na mgomba usiojua kufa. Msimamizi alisema unaharibu sura ya bustani. Kila nilipoukata ulichomoza tena, nami nikauona una kiburi. Nilikuwa nautukana waziwazi.

Asubuhi moja, muda si mrefu baada ya kuufyeka, walikuja mwanamke na binti yake. Walisimama wakitazama huku na huku, kisha mwanamke akanikazia macho.

“Amahoro,” alinisalimu kwa Kirundi. “Wewe si mtoto wa yule mama mkunga wa Kasingirima?”

Nikasema ndiye mimi, ila mama alishatangulia mbele ya haki. Akaketi kwenye benchi. Hapo ndipo nilipomjua, nikampa shikamoo niliyochelewa kuitoa.

Wakimbizi walipovuka ziwa kukimbia vita Burundi, wengi walilala kwenye mabanda ya kiwanda kile kabla ya kupelekwa kambini. Yeye alijifungua humo, na mama yangu ndiye aliyempokea mtoto. Kitovu kilipodondoka, mama alinituma nichimbe shimo nje ya banda. Alikizika, akaniambia nipande mgomba juu yake, maana mtoto lazima awe na mahali pa kupaita kwao. Nilikuwa na miaka kumi hivi. Mabanda yalipobomolewa na ardhi kusawazishwa, nilipotewa na mahali penyewe. Wala sikujiuliza mgomba ule mkaidi umetoka wapi.

“Kesho tunapanda basi, tunarudi,” alisema. “Huyu Burundi haijui. Nataka auone mgomba wake, halafu tuchukue mche wake tukaupande kule, asijione mgeni.”

Panga lilikuwa bado mkononi mwangu. Ningeweza kusingizia tingatinga, na sikuwa mbali na kufanya hivyo.

“Dada, nimeukata mimi. Mwaka wa pili huu naukata.”

Binti alizunguka nyuma ya benchi, akachuchumaa.

“Mama, njoo uone.”

Kisiki kilikuwa bado kinatoa maji, na katikati yake jani la ndani lilishachomoza, urefu wa ukucha. Ubavuni kulikuwa na mche mdogo ambao panga langu halikuufikia. Tuliuchimba watatu kwa jembe la bustani, tukaufunga na udongo wake kwenye kanga yangu.

“Miaka miwili, na haukuchoka?” mwanamke aliuliza.

“Niliyechoka ni mimi.”

Akacheka. Mimi nililia, sikuona haya.

Kesho yake jioni msimamizi aliona udongo umechimbuliwa, na kisiki bado kipo. Akaniuliza kwa nini sikukimalizia. Nikamwambia huo mgomba una mwenyewe, na mwenyewe amesafiri.